Athari za kwantamu ndani ya viumbe hai: ni ipi imesimama kwenye vipimo, na ipi bado inaning'inia?

#1 Kilima_cha_Nishati

Wakuu, salaam. Naleta hoja mezani. Katika yote yanayoitwa baiolojia ya kwantamu, kilichothibitishwa ni upenyaji peke yake, yaani elektroni au protoni kuvuka kilima cha nishati kwa kupita ndani yake badala ya kukipanda. Usanisinuru wa mawimbi yanayoshikamana umeanguka. Dira ya ndege, pua inayosoma mitetemo na ubongo vyote bado vinaning'inia.

Ushahidi wa upenyaji ni wa siku nyingi. Mwaka 1966 DeVault na Chance walimulika bakteria wa usanisinuru aina ya Chromatium kwa mpigo wa leza ya yakuti, wakapima saitokromu (protini inayobeba elektroni) inavyopoteza elektroni. Kwenye joto la chumba kazi hiyo huchukua mikrosekunde chache. Ukishusha joto inakwenda polepole, kama kemia ya kawaida inavyotaka, hadi karibu kelvini 100 inafika milisekunde chache. Hapo inagoma. Unazidi kupoza na kasi haishuki tena, mstari unalala bapa. Mmenyuko unaotegemea joto ili upande kilima ungekuwa umekufa kabisa kwenye baridi ile. Nani ana kipimo cha kulinganisha na hicho?

#2 Mwangwi77

Mkuu Kilima, umeuzika usanisinuru mapema. Engel na wenzake 2007 walipima FMO, protini inayopitisha nishati ya mwanga ndani ya bakteria wa kijani wa salfa, ishara ikapanda na kushuka kwa mdundo zaidi ya femtosekunde 600 (femtosekunde ni sekunde 10⁻¹⁵), tena kwenye joto la chumba. Protini imejaa maji na mtikisiko wa kila aina na bado mawimbi yameshikamana. Hilo unaliitaje?

#3 Binti_Spektra

Mwangwi77, sahihisho kwanza. Engel alipima kwa kelvini 77, joto la naitrojeni ya kimiminika, si joto la chumba. Namba yao ni femtosekunde 660. Vipimo vya karibu na joto la chumba vilikuja 2010: Panitchayangkoon na wenzake kwa kelvini 277, mdundo ukaishi kama femtosekunde 300, na Collini na wenzake kwenye protini za mwani wa kriptofaiti kwa kelvini 294.

Ila ugomvi hauko kwenye urefu wa mdundo, uko kwenye swali la mdundo huo ni wa nini. Sampuli inapigwa mipigo mitatu ya leza. Pengo kati ya mpigo wa 1 na wa 2 linakupa mhimili wa rangi iliyomezwa. Ishara inayotoka baada ya mpigo wa 3 inakupa mhimili wa rangi iliyotolewa. Kati ya mpigo wa 2 na wa 3 unasubiri, na muda huo wa kusubiri ndio unaourefusha hatua kwa hatua huku ukitazama vilele vya ramani ya mihimili hiyo miwili. Vikipanda na kushuka, sababu inaweza kuwa koherensi ya elektroni, maana yake msisimko umekaa kwenye klorofili mbili kwa pamoja. Inaweza pia kuwa mtetemo wa klorofili moja tu ambayo mpigo mfupi umeigonga kama kengele. Kwenye karatasi vyote viwili vinachora mchoro uleule.

Watu huteleza hapa. Ukisubiri hadi femtosekunde 660 na kuishia hapo, huwezi kutenganisha midundo inayopishana chini ya cm⁻¹ 50 hivi (cm⁻¹ ni kipimo cha nishati cha watu wa spektra). Bakterioklorofili ina mitetemo yake kati ya cm⁻¹ 160 na 200, na mapengo ya nishati ya hali za msisimko za FMO yamekaa palepale. Ili uvitenganishe fika walau pikosekunde 2, ndipo unapata uwezo wa cm⁻¹ 17. Mdundo wa cm⁻¹ 160 una kipindi cha femtosekunde 208, kwa hiyo hatua za femtosekunde 10 hadi 20 zinatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni uvumilivu wa kwenda mbali.

Jambo la pili ni nguvu ya mpigo. Ukizidisha, misisimko miwili inakutana kwenye protini moja na kuuana, mporomoko wa ishara unakuwa wa kasi ya uongo. Punguza nguvu kwa nusu upime tena. Umbo likibadilika, bado uko juu mno. Halafu makumi ya kwanza ya femtosekunde yatupe, maana pale mipigo bado inalaliana na kimiminika chenyewe kinajibu. Na unapoondoa mporomoko ili ubaki na mdundo, usilazimishe mporomoko wa kipeo (eksponensheli) kimoja kwenye data yenye viwili, kwa sababu mabaki yake yatajifanya mdundo wa polepole ambao haupo.

Zaidi ya hayo, FMO iliyokaa wazi kwa hewa inazima msisimko wake yenyewe. Weka dithionaiti ya sodiamu (inayoondoa oksijeni) kidogo kwenye bafa, kimiminika kinachoshikilia pH, kabla ya kupima.

#4 Mwangwi77

Asante dada, la kelvini 77 nimelipokea. Ila kelvini 277 ni nyuzi 4 za Selsiasi, na kuna bakteria wanaoishi kwenye baridi ya namna hiyo. Na femtosekunde 300 haiwezi kudharauliwa pale ambapo nishati inahama kati ya klorofili jirani kwa muda wa mamia ya femtosekunde.

#5 Kilima_cha_Nishati

Binti_Spektra kanitangulia ila sijasogea. Duan na wenzake 2017 walirudia FMO kwenye joto la kawaida, koherensi ya elektroni ikawa imekufa ndani ya femtosekunde 60. Maiuri na wenzake 2018 wakatumia protini zilizobadilishwa asidi amino, ambazo mapengo yake ya nishati yamesogezwa. Mdundo ungekuwa wa elektroni ungelifuata pengo. Haukulifuata, ulibaki palepale, maana yake kinacholia ni kengele ya klorofili yenyewe.

Pia mara nyingi mnahesabu klorofili 7 kwa kila kipande cha FMO. Ziko 8. Muundo wa Fenna na Matthews wa 1975 ulionyesha 7 kwa sababu ya 8 imekaa ukingoni na hudondoka wakati wa kusafisha protini. Sampuli iliyosafishwa kwa nguvu si ile iliyomo ndani ya bakteria.

#6 Mzee_wa_Kelele

Mnabishana kama koherensi inaishi muda mrefu. Mimi nasema ingeishi sana ingekuwa hasara.

Nishati ya klorofili za FMO haifanani, inapishana kwa mamia ya cm⁻¹, wakati nguvu inayoziunganisha ni kama cm⁻¹ 100 kwa ile kubwa kabisa. Mfumo ungekuwa safi bila mtikisiko wowote, msisimko ungebaki ukiyumba mahali pamoja, kwa sababu ngazi hazilingani urefu na hakuna wa kumeza tofauti. Mtikisiko wa protini unasogeza ngazi juu na chini hadi zinakutana, na msisimko unahama. Ukizidisha mtikisiko, msisimko unagandishwa tena, kama mtu anayeulizwa yuko wapi kila sekunde hadi anashindwa kupiga hatua. Kwa hiyo kipo kiwango cha katikati. Mohseni na wenzake, na Plenio na Huelga, wote walilionyesha kwa hesabu 2008. Nishati ya joto la chumba ni cm⁻¹ 207, kipimo cha ukubwa uleule na miunganiko na mapengo ya FMO. Kwangu hicho ndicho kiini: protini imekaa mahali ambapo kelele inasaidia.

#7 Nuru_Asilia

Mzee heshima yako. Ila wewe na wenye leza mnaanzia mahali ambapo kiumbe hakianzii. Mpigo wa leza unagonga klorofili zote kwa wakati mmoja na kwa awamu moja. Mwanga wa jua hauna awamu hiyo. Brumer na wenzake wamelieleza kwa miaka: mwanga usio na mpangilio ukiwaka mfululizo unaacha mfumo kwenye hali tulivu isiyopiga mdundo wowote. Klorofili moja chini ya jua kali inameza kama fotoni 10 kwa sekunde, na nishati ikishamezwa inafika inakokwenda ndani ya pikosekunde. Mdundo mnaouona umeletwa na chombo chenu.

#8 Binti_Spektra

Nuru_Asilia, hilo silipingi, na halifuti kipimo. Mpigo ni kama kugonga ukuta kusikiliza kama ndani ni wazi. Ukuta haugongwi kila siku, lakini mwangwi unaeleza umejengwaje. Kutoka kwenye mdundo unapata nguvu za miunganiko na kasi ya kelele, na hizo zinafanya kazi hata chini ya jua.

Kuna kitu cha kwantamu pale ambacho hakina mdundo wala mgogoro, na uzi huu umekiruka. Chukua pete ya bakteria wa zambarau, LH2 ya Rhodoblastus acidophilus. Ina bakterioklorofili 9 zinazomeza mwanga wa nanomita 800 na pete nyingine ya 18 zilizobanana zinazomeza 850. Molekuli ni ileile moja. Kilichosogeza rangi kwa kiasi kikubwa ni kwamba msisimko umetandazwa juu ya kadhaa kwa pamoja. Hiyo unaiona kwenye spektra ya kawaida ya kuveti, kile kichupa cha kupimia mwanga.

#9 Kuveti_Safi

Wakuu, nimefuatilia, asanteni. Turudi kwa Kilima. Elektroni nimeelewa. Protoni ni nzito karibu mara 1,836, inapenyaje? Na mtu anapimaje kuwa imepenya na si kwamba imepanda kilima?

#10 Lipoksi

Kuveti_Safi, hapa unabadilisha uzito na kuacha kemia ilivyo. Weka dutiriamu (haidrojeni nzito) mahali pa haidrojeni inayohamishwa, pima kasi mbili, gawanya. Kwa kemia ya kawaida uwiano una dari. Kifungo cha C–H kinatetemeka karibu cm⁻¹ 2,900, cha C–D karibu 2,100. Nusu ya tofauti ni cm⁻¹ 400, na kwenye joto la chumba hiyo inakupa uwiano wa takribani 7. Ukivuka sana hapo, kilima hakipandwi tu.

Kimeng'enya cha soya kiitwacho lipoksijenezi kinatoa uwiano wa karibu 80 kwa nyuzi 30. Kikundi cha Klinman kilibadilisha asidi amino mbili kubwa kuwa ndogo pembeni ya kitovu cha chuma, uwiano ukapanda hadi kati ya 500 na 700. Umbali kati ya mtoa na mpokeaji ukiongezeka kidogo, dutiriamu inaumia zaidi, kwa sababu wimbi lake ni fupi na halifiki ng'ambo.

Mambo ya kuangalia mezani. Bafa ya borati pH 9, asidi ya linoleiki, fuatilia nanomita 234 ambapo zao linameza mwanga. Kimeng'enya kikitoka kwenye usafishaji kina chuma cha Fe²⁺, na kinachofanya kazi ni Fe³⁺. Ndiyo maana mwanzoni mstari unajivuta. Watu huusoma mteremko huo wa mwanzo kama kasi, wakati hiyo ni kuamka kwa chuma tu. Ongeza zao kidogo sana kabla, kitaamka chote. Usipandishe linoleiki hadi ianze kujikusanya vitone. Na kumbuka mmenyuko unakula oksijeni: maji yaliyoshiba hewa yana kama mikromola 260 kwa lita kwa nyuzi 25, ukizembea inaisha katikati ya kipimo.

Mtego mkubwa kuliko yote ni usafi wa dutiriamu. Tuseme linoleiki yako nzito ina 1% ya ile ya kawaida, na uwiano wa kweli ni 80. Ile 1% inachangia 0.01 × 80 = 0.8, nzito inachangia 0.99, jumla 1.79. Utasoma 45 badala ya 80. Kwa kimeng'enya chenye 500 utasoma karibu 83. Kwa chenye 7 utasoma 6.6 na hutagundua kitu. Kadiri athari inavyokuwa kubwa ndivyo uchafu mdogo unavyoifunika. Dalili yake ni mstari unaoanza kwa kasi kisha unakunjika: hapo ile nyepesi imekwisha kuliwa.

#11 Kuveti_Safi

Hesabu ya 1.79 imenifungua macho. Kumbe kosa linashusha namba, halipandishi.

#12 Lipoksi

Kwenye kipimo cha kuveti mbili tofauti, ndiyo, linashusha. Pia usitegemee namba moja ya joto moja. Pima kuanzia nyuzi 5 hadi 50 na uchore. Ile lipoksijenezi ya asili inatoa uwiano wa vizidishi vya Arrhenius (namba inayosimama mbele ya kipeo cha nishati kwenye fomula ya kasi na joto) wa karibu 18, wakati kemia ya kawaida inakaa jirani na 1, na tofauti ya nishati ya kuamsha ni kilokalori 0.9 tu kwa moli. Zidisha uone: 18 mara kipeo cha nishati hiyo kwa nyuzi 30 ni 80. Namba zinakubaliana.

#13 Tindikali

Lipoksi, vipimo vyako havina ubishi. Swali ni je, upenyaji ndio unaofanya kimeng'enya kiwe kimeng'enya? Doll na Finke 2003 walipima mmenyuko wa koenzaimu B12 ndani ya kimiminika kitupu (ethilini glikoli) bila protini, athari ya isotopu, yaani ule uwiano wa haidrojeni na dutiriamu, ikawa kubwa kwa kiwango kilekile cha kimeng'enya. Warshel naye ameshikilia kwa hesabu kwamba protoni inapenya ndani ya kimeng'enya na nje yake karibu sawasawa, na kinacholeta kasi ni jinsi protini ilivyopanga chaji zake. Ikiwa pande zote mbili kuna upenyaji, basi haukuongeza kitu.

#14 Lipoksi

Hoja nzito, naipokea kwa B12. Lakini ile ya kubadilisha asidi amino mbili unaielezaje? Chaji hazikuguswa, kilichoguswa ni ubanaji. Kasi ilianguka vibaya na uwiano ukaruka. Protini inashikilia umbali wa sehemu za angstromu (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita). Huko kwenye kimiminika kitupu hakuna mkono wa kushikilia.

#15 Tindikali

Kushikilia umbali nakubali. Ila kimeng'enya kinachobana vitu vikaribiane kingesaidia hata kama dunia haina upenyaji. Na hao wanaosema kuna mtikisiko maalumu wa protini unaosukuma protoni wakati wa kuvuka bado hawajaonyesha kipimo ambacho hakielezeki kwa protini kujigeuza maumbo tu.

#16 Rula14

Ngojeni niwape ya elektroni, maana ina namba nzuri za kubeba kichwani. Kikundi cha Dutton kilipanga protini nyingi kwenye mchoro mmoja: kila angstromu 1.7 ikiongezeka kati ya mtoa na mpokeaji, kasi ya juu kabisa inapungua mara 10. Protini zinazobeba elektroni kwa kazi zinaweka vituo ndani ya angstromu 14. Ukivuta hadi 25, kasi imeshuka zaidi ya mara milioni.

Kompleksi ya kwanza ya mitokondria inahitaji kupeleka elektroni karibu angstromu 90. Kwa mruko mmoja haiwezekani kabisa. Ndani yake kuna mnyororo wa vishada 7 vya chuma na salfa, kila pengo chini ya 14. Mkipima umbali pimeni ukingo kwa ukingo wa molekuli, si kitovu kwa kitovu. Wanaopima kitovu kwa kitovu kwenye hemu (pete yenye chuma katikati) wanapata umbali mrefu zaidi kwa angstromu kadhaa, kisha wanalaumu nadharia.

#17 Dira_ya_Robini

Sasa mimi na ndege. Kilima kasema inaning'inia, wacha nieleze ilipofika.

Wiltschko 1972 walionyesha robini wa Ulaya hasomi kaskazini na kusini, anasoma mwinamo wa mistari ya uga wa sumaku. Schulten na wenzake wakapendekeza 1978 kwamba kinachosoma ni jozi ya redikali, yaani molekuli mbili zenye elektroni pweke kila moja. Ritz, Adem na Schulten wakaitaja kriptokromu, protini inayohisi mwanga, 2000. Mwanga wa buluu unagonga FAD (molekuli ya flavini inayomeza mwanga) ndani ya protini, elektroni inaruka kutoka asidi amino moja ya triptofani hadi nyingine, zinabaki elektroni mbili pweke, kila moja na spini yake, yaani usumaku wake mdogo. Spini hizo zinageukageuka kati ya kulingana na kupingana, uga wa dunia unabadilisha mgeuko, na zao la kemia linafuata. Linaendana na tabia: ndege anajielekeza chini ya mwanga wa buluu na kijani, kwenye mwekundu anapotea.

Xu na wenzake 2021 walitengeneza kriptokromu 4a ya robini na kuipima nje ya ndege. Inajibu uga wa sumaku, na inajibu kuliko ile ya njiwa na ya kuku.

#18 Tindikali

Nishati ya spini kwenye uga wa dunia wa mikrotesla 50 ni kama elektronivolti 6 kwa bilioni. Nishati ya joto la chumba ni elektronivolti 25 kwa elfu. Joto limezidi zaidi ya mara milioni 4. Kemia gani itasikia hiyo?

#19 Dira_ya_Robini

Tindikali, hilo lingeua hoja kama jozi ingekuwa imetulia na joto. Haijatulia. Inazaliwa na spini zikiwa zimepangwa, na inamalizika kabla joto halijazivuruga, kwa sababu spini inagusana na mazingira kwa udhaifu mkubwa. Uga hausukumi mmenyuko juu ya kilima, unachagua njia panda tu. Sharti ni muda. Kwa mikrotesla 50 elektroni inazunguka mara milioni 1.4 kwa sekunde, mzunguko mmoja mikrosekunde 0.7, basi jozi iishi walau mikrosekunde moja hivi.

#20 Mwangwi77

Na ule ushahidi wa mawimbi ya redio? Ritz na wenzake 2004 walivuruga robini kwa megahezi chache tu. Sumaku za chuma mwilini haziwezi kuvurugwa na kitu hicho.

#21 Kilima_cha_Nishati

Ndipo hesabu inapokataa, Mwangwi. Mwaka 2009 waliripoti kuvuruga kwa nanotesla 15. Uga huo unazungusha spini mara 420 kwa sekunde, mzunguko mmoja milisekunde 2.4. Jozi inayoishi mikrosekunde haiwezi kuhisi kitu kinachohitaji milisekunde. Ama spini ndani ya jicho inaishi muda ambao hakuna aliyeupima kwenye protini hii, ama jozi siyo hiyo tunayoidhani, ama kipimo kina tatizo. Na kriptokromu ya 2021 ilipimwa kwa militesla, si mikrotesla 50.

#22 Koili_Nne

Kuhusu "kipimo kina tatizo", haya ndiyo yanayoharibu. Koili za kuzungusha uga zisukwe kwa nyaya mbili sambamba. Mkondo ukienda upande mmoja kwenye zote unapata uga. Ukigeuza mmoja uga unafutika, lakini joto na mlio vinabaki vilevile. Bila hivyo ndege anaweza kuwa anasikia koili. Chanzo cha umeme na kompyuta vikae nje ya kibanda, na anayesoma mikwaruzo ya ndege kwenye faneli (kizimba cha umbo la koni kinachoonyesha ndege alitaka kwenda upande gani) asijue uga ulikuwaje siku hiyo. Pima kelele ya redio kwa antena ya bendi pana mahali pa ndege hasa. Engels na wenzake 2014 huko Oldenburg walikuwa na robini wasiojielekeza hata kidogo hadi vibanda vilipofunikwa kwa aluminiamu iliyounganishwa na ardhi. Waya wa ardhi ukikatwa, wanapotea tena. Kelele ilikuwa kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, ile ya vifaa vya kawaida tu.

Kwenye takwimu, ndege mmoja aliyepimwa mara 10 si ndege 10. Chukua wastani wa kila ndege kwanza, ndipo ufanye jaribio la Rayleigh, linaloangalia kama mielekeo imekusanyika upande mmoja.

#23 Rula14

Kwa wanaopima kriptokromu kwenye kuveti: FAD iliyodondoka kutoka kwenye protini inajibu uga wa sumaku yenyewe, bila protini. Ondoa FAD huru na uonyeshe umeiondoa. Na leza ikipiga palepale muda mrefu, flavini inabaki imeshika elektroni na ishara inafifia, kwa hiyo sampuli izungushwe.

#24 Nuru_Asilia

Sumaku za chuma msizifute bado. Bakteria wanaojielekeza kwa vipande vya magnetaiti (madini ya chuma yenye sumaku) wako tangu Blakemore 1975, hakuna kwantamu ya ajabu pale. Kwa ndege, zile seli zenye chuma kwenye mdomo wa njiwa 2012 zilionekana ni seli za kinga, si neva. Hilo limeondoa eneo moja tu, siyo wazo. Upande wa kriptokromu nao una pengo: Bassetto na wenzake 2023 walipima nzi wa matunda karibu 98,000 kwenye njia panda na hawakupata athari ya uga, wakati kazi za nyuma za nzi haohao ndizo zilizokuwa nguzo ya kriptokromu.

#25 Dira_ya_Robini

Nzi si ndege, kriptokromu zao ni za ukoo mwingine. Lakini nakubali nguzo hiyo sasa haiegemewi.

#26 Harufu_Nzito

Mbona pua imesahaulika? Turin 1996 alipendekeza: elektroni inapenya kipokezi kama tu molekuli ina mtetemo wa kumeza nishati inayobaki. Franco na wenzake 2011 walionyesha nzi wanatenganisha asetofenoni (kemikali yenye harufu) ya kawaida na ya dutiriamu. Umbo ni lilelile, mtetemo umeshuka kutoka karibu cm⁻¹ 3,000 hadi 2,200.

#27 Lipoksi

Harufu, rudi #10. Dutiriamu inabadilisha kasi za vimeng'enya, na kamasi ya pua imejaa vimeng'enya vinavyokata harufu kabla haijafika kwenye kipokezi. Mazao yakibadilika uwiano, mnyama anatofautisha bila pua kusoma mtetemo wowote. Uchafu wa usanisi nao ni tofauti kati ya chupa mbili, pua inaukamata pale ambapo kromatografia ya kizembe inaupitisha. Block na wenzake 2015 walikwenda kwenye kipokezi chenyewe cha miski ndani ya seli, cha kawaida na cha dutiriamu vikajibu sawa. Na karvoni mbili zilizo kama mkono wa kulia na wa kushoto zina mitetemo ileile, moja inanukia mnanaa nyingine kisibiti.

#28 Mwangwi77

Na ubongo? Wanaosema akili nayo inatumia kwantamu: spini za fosforasi za Fisher 2015, mikrotubuli (mirija midogo ndani ya seli) za Penrose na Hameroff?

#29 Mzee_wa_Kelele

Mwangwi, wewe hukosi treni. Tegmark 2000 alikokotoa koherensi ya ubongo kati ya sekunde 10⁻¹³ na 10⁻²⁰, na neva inahitaji milisekunde. Hagan na wenzake 2002 walijibu wakapata 10⁻⁵ hadi 10⁻⁴ kwa mikrotubuli. Zote ni hesabu. Fosforasi angalau ina spini ya nusu inayotulia kwa muda mrefu, ila fungu la molekuli analolihitaji Fisher linapaswa kuonekana likibeba spini kutoka seli hadi seli.

#30 Tindikali

Tuwekeane mpaka basi. Kila kifungo cha kemia ni kwantamu, hata chumvi. Swali liwe: ukiiga mfumo kwa hesabu isiyo na mawimbi, ukirekebisha namba zake kadiri utakavyo, je, unashindwa kupata kipimo? Kwa DeVault unashindwa. Kwa kasi ya FMO hadi sasa hushindwi.

#31 Mzee_wa_Kelele

Hushindwi kwa sababu umeruhusu kurekebisha namba. Miunganiko unayoiweka kwenye hesabu yako ya kuruka-ruka imetoka kwenye mawimbi yaleyale. Kwa LH2 ya #8, hesabu ya kuruka klorofili moja hadi moja inapata kasi ndogo kuliko iliyopimwa, hadi uihesabu pete kama kitu kimoja.

#32 Kuveti_Safi

Swali la vitendo kwa Lipoksi na Binti. Nikitaka kujaribu yote kwa dutiriamu, yaani kiumbe kizima kikue kwenye maji mazito, nianze wapi?

#33 Lipoksi

Usikitumbukize moja kwa moja. Panda hatua kwa hatua, 25%, 50%, 75%, kisha juu ya 95%, na kila hatua usubiri ukuaji utulie. Kipima pH cha kioo kinasoma pungufu kwenye maji mazito: ongeza 0.4 kwenye namba unayoiona. Maji hayo yana unato zaidi wa kama 25% kwa nyuzi 25, kwa hiyo weka kidhibiti cha maji ya kawaida yenye gliseroli kama 9%. La sivyo utaita upenyaji kitu ambacho ni unato wa kimiminika tu.

#34 Binti_Spektra

Kwa FMO kumbuka dutiriamu itaingia pia kwenye klorofili yenyewe, na mitetemo ya chini ya cm⁻¹ 200 ni ya pete nzima, inasogea asilimia chache tu. Kwenye cm⁻¹ 180 hiyo ni hatua ya cm⁻¹ 5 hivi. Na uwezo wa 17 niliousema #3 hautaiona. Utahitaji kusubiri pikosekunde 6 au zaidi, na kwa joto la chumba mdundo umeshafifia kabla hujafika huko. Anza na kelvini 77.

#35 Kilima_cha_Nishati

Kelvini 77 tena? Hapo mtakuwa mmepima kengele kwa usahihi zaidi, lakini kwenye joto ambalo bakteria hafanyi kazi.

#36 Binti_Spektra

Na DeVault wako alipima kwa kelvini ngapi, mkuu?